Wakaguzi wa miundombinu ya utafiti, mnahesabu mashine hamuulizi kama zinawaka?

Wakuu, mwagona. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mishahara, hii ni kesi nyingine.

Mimi ni fundi sanifu kwenye maabara ya udongo hapa Mbeya. Maabara ya nani sisemi, nina watoto wanasoma.

Wiki iliyopita tumetembelewa na watu wanne wamechomekea, vishikwambi mkononi, wanatathmini miundombinu ya utafiti na ubunifu. Dada mmoja anasoma swali, mimi najibu. AAS ipo? (Ni mashine ya kupima kalisi, zinki, shaba na wenzao kwenye udongo.) Ipo. Tiki. Nikamwambia, "Dada, ipo, ila haijawaka tangu masika ya mwaka juzi." Akashusha kidole kwenye kioo, akapandisha. "Kaka, humu hamna sehemu ya kujaza hivyo."

Nikavuta droo nimwoneshe. Mashine hii kila madini yana taa yake, ya zinki huwezi kusomea shaba. Tulikuja kupewa taa sita na mfadhili, nne zimekufa, na stoo hakuna hata moja ya akiba. Kipima pH (cha kujua asidi ya udongo) nacho kipo, tiki, wakati elektrodi yake, ile ncha ya kuchovya, imekauka kwa kukosa kimiminika cha kuihifadhia, kitu cha bei ya soda kreti mbili tatu. Friza ipo, tiki. Ndani mna mtindi wa bosi.

Mkaona ni utani? Ngojeni. Hizo tiki zinapanda Dodoma, zinageuka ripoti kwamba kanda ya Nyanda za Juu Kusini ina uwezo wa kupima udongo. Mwaka wa fedha ukifika tunaomba hela ya kemikali na matengenezo, tunajibiwa mbona ninyi mna vifaa vya kutosha. Yaani ile tiki ndiyo inayotunyima hela! Bora wangeandika hatuna kitu.

Halafu swali la watumishi. "Wenye PhD wangapi?" Basi, wakafunga ukurasa. Wakati hata Mwongozo wa Frascati, ambao OECD (shirika la nchi nyingi tajiri) inautumia tangu 1963 na nchi kibao zinaufuata kuhesabu utafiti, unataka mafundi sanifu nao wahesabiwe. Sisi tunaochuja udongo, tunaoosha chupa saa mbili usiku umeme ukirudi, kwenye hiyo fomu hatupo. Na asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti ni ahadi ya viongozi wa Afrika kwenye Mpango wa Lagos wa 1980! Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Sasa nani anaumia? Kuna mama wa Umalila, milimani huku Mbeya, alileta udongo kwenye mfuko wa Rambo, kaufunga na uzi wa katani, jina kaandika kwa kalamu ya bluu likaloa nusu. Huku juu udongo mwingi una asidi, na ule wa majivu ya volkano unashika fosforasi ya mbolea isifike kwenye mmea. Asipopimiwa atanunua mifuko ya mbolea kwa hela ya viazi, aimwage chini, kumbe angeanza na chokaa ya kupunguza asidi, ambayo mawe yake yako hapo Songwe tu. Kanipigia mara tatu. "Mwanangu, udongo wangu umefikia wapi?" Nimemdanganya mara tatu. Jana sikupokea.

Kwa hiyo msije na "andika barua kwa uongozi." Nimeandika, nakala ninazo.

Swali langu kwa wadau ni moja: kuna anayejua wapi huku Mbeya au hata Iringa napata gesi ya asetilini safi ya maabara, ile inayowasha moto wa AAS? Ile ya wachomeleaji wa Mwanjelwa tuliwahi kujaribu, mtungi ukikaribia kuisha inakuja na asetoni na usomaji unayumba. Taa mbili bado nzima, ya kalisi na ya magnesi. Nikipata mtungi mmoja tu, angalau kalisi na magnesi ya udongo wa yule mama naipima Jumamosi kwa muda wangu.