Kipimo cha mate kimeonyesha mstari wa pili asubuhi yake. Niamini kipi?

Kijana wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, kejeli tuweke pembeni. Usiku wa tarehe 6 Desemba nililala na mwanamke ambaye hali yake siijui. Kondomu ilivaliwa mwanzo hadi mwisho na haikupasuka, ila kabla ya hapo alininyonya bila kondomu, kama dakika mbili hivi. Tarehe 22 Desemba nikapima VVU zahanati kwa Bioline, kile cha kuchoma kidole, hasi. Tarehe 13 Januari nikajipima nyumbani kwa OraQuick, kile cha mate. Dakika 20 zilipofika, mstari mmoja tu. Asubuhi nikakiokota kwenye ndoo ya taka ili nijiridhishe, nikakuta na mstari wa pili, hafifu mno, kama penseli iliyofutwa. Leo tarehe 16. Koo linawasha, kifuani nimetoka vipele. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Niamini kipi?

Mtu wa Maabara

Amini cha dakika 20. Kijiti hicho husomwa kati ya dakika 20 na 40, zikipita hapo kinatupwa na hakina tena la kusema. Ndani yake mna utepe unaonyonya majimaji kutoka chini kwenda juu, yakibeba chembe za rangi. Kikiachwa kikauke, majimaji yanatembea ovyo, mengine yanarudi nyuma, na rangi inabaki pale ilipochorwa T, sehemu ya mstari wa majibu. Huo ndio mstari wako wa penseli.

Ila usinielewe vibaya. Mstari hafifu ukitokea ndani ya muda, unahesabika kuwa mstari, hata kama unauona kwa kuelekea dirishani. Huo ungekupeleka kituoni siku hiyohiyo ukapimwe damu, kwa sababu kipimo cha kujipima peke yake hakimtangazi mtu kuwa ana VVU. Huthibitishwa kwa vipimo vingine vya aina tofauti.

Swali langu: kabla ya kujipima ulikula au ulipiga mswaki? Na kiliwekwa wapi kabla hujakifungua?

Mzee wa Temeke

Subiri miezi sita, kijana. Kabla ya hapo kipimo chochote ni kubahatisha.

Msimamizi wa Kliniki

Mzee wangu, miezi sita ilikuwa ya vipimo vya zamani. Hivi vya kuchoma kidole na vya mate vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi, na mwisho wa kusubiri ni siku 90 tangu tukio. Kipimo cha maabara cha kizazi cha nne, damu ikitolewa kwenye mshipa, kinatafuta kingamwili pamoja na antijeni p24, yaani kipande cha kirusi chenyewe. Hicho siku 45 zinatosha.

Kwa hiyo ile Bioline ya tarehe 22 ilikuwa siku ya 16. Kwa tukio la tarehe 6 haikukuambia kitu, ilikuonyesha tu ulivyokuwa siku 90 nyuma yake, yaani hadi mwishoni mwa Septemba. Watu wengi wanakosea hapa: wanapima mara nne ndani ya mwezi mmoja wakidhani hasi nne zina nguvu kuliko moja. Hasi moja ya siku ya 90 inazizidi zote.

Kuhusu hatari yenyewe: kirusi hakipiti kwenye kondomu nzima, na anayenyonywa hatari yake inakaribia sifuri. Hata kwa mwanamume anayeingia ukeni bila kinga, kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, makadirio ni maambukizi takriban 4 katika matendo 10,000. Wewe uko chini ya hapo sana. Vipele vya kifuani Dar, Januari hii, mimi ningeanza na harara. Dalili za maambukizi mapya mara nyingi huja wiki ya 2 hadi ya 4, tena na homa, na hata zikija haziwezi kusoma majibu badala ya kipimo.

Kijana wa Tabata

Nilipiga mswaki kwanza ili kinywa kiwe safi, kisha nikajipima hapohapo. Kilikaa kwenye gari kama wiki nzima.

Mtu wa Maabara

Basi hata ile hasi ya dakika 20 usiiegemee. Dawa ya meno inataka nusu saa ipite, chakula na kinywaji dakika 15. Tunakiita cha mate, kumbe kinataka majimaji ya fizi: unapitisha kijiti mara moja fizi za juu na mara moja za chini, bila kusugua ulimi wala shavu. Halafu joto. Hivi vitu hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 30. Gari lililoegeshwa juani Kariakoo saa nane mchana limezipita hizo zamani. Mstari wa C, ule unaotokea hata majibu yakiwa hasi, utatokea na utadhani kila kitu kiko sawa, wakati C inathibitisha tu kwamba sampuli iliwekwa na majimaji yalipanda kwenye utepe.

Dada wa Kigamboni

Kwani siku ile hukuwahi PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio? Ndani ya saa 72 unaweza kupewa dawa za siku 28, ingawa kwa ulivyoeleza sidhani kama wangekupa. Nauliza kwa sababu aliyetumia PEP hahesabu siku kuanzia tukio, anahesabu kuanzia alipomaliza dawa.

Na kuhusu mkeo, kaka, mpaka upate majibu ya uhakika tumieni kondomu. Mama akiambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha, virusi vinakuwa vingi sana kwenye damu wiki za mwanzo, na mtoto ndiye anayebeba mzigo. Kipimo cha mkeo cha hudhurio la kwanza la kliniki hakiwezi kuona kilichoingia baadaye.

Kijana wa Tabata

PEP sikutumia, sikuijua. Kuna jamaa kanishauri nikachangie damu, eti vipimo vya Damu Salama, wale wanaokusanya damu ya hospitali, ni vikali na bure.

Msimamizi wa Kliniki

Hapana kabisa. Damu yako inaweza kuwa kwenye kipindi cha dirisha, yaani kirusi kimeshaingia ila bado hakijaonekana kwenye kipimo, kipimo kisione kitu, kisha iingie kwa mtoto mwenye selimundu au mama aliyejifungua. Na kupima VVU kwenye vituo vya serikali ni bure vilevile. Jamaa yako mwambie na hilo.

Mtu wa Maabara

Siku ya 45 yako ni Jumanne, tarehe 20 Januari. Nenda maabara ya hospitali kubwa, taja kizazi cha nne kwa jina, kwa sababu ukisema "kupima ngoma" utachomwa kidole na kurudishwa nyumbani. Humo humo omba kaswende na homa ya ini B. Kwa kunyonywa bila kondomu, kaswende na kisonono vina njia rahisi kuliko VVU, na hilo koo halihusiani na upande ulionyonywa. Kisonono kinataka mkojo, na ukipanga kutoa mkojo usikojoe saa moja kabla.

Ukikosa kizazi cha nne, chomwa kidole sasa, kisha urudie Ijumaa tarehe 6 Machi, siku ya 90. Pakiti ifunguliwe mbele yako, soma tarehe ya mwisho. Tone la kwanza la damu lifutwe, litumike la pili. Kama ni Bioline, damu ikishawekwa yanafuata matone manne ya maji yaliyokuja na boksi hilohilo, si ya boksi lililobaki jana. Na mpimaji awe na saa mbele yake, kwa sababu hiyo nayo haisomwi dakika 20 zikipita.