Anayewadanganya wanafunzi wa Uingereza kwamba UTR ni kibali cha kazi, jana kavuka mpaka

Kisiki cha Mpingo:
Wakuu, simtaji. Mlio kwenye magrupu ya Wabongo wa Uingereza mnamjua, yule wa voisi zisizoisha. Jana usiku kijana mwenye viza ya mwanafunzi kauliza kwa adabu kabisa: naruhusiwa kukodi akaunti ya mtu nipeleke chakula kwa baiskeli? Jibu alilopewa: "HMRC wakikupa UTR, serikali imekukubali. Kama unaogopa, rudi kwa mama yako ukauze karanga."

Ukauze karanga! Mtoto wa watu kauliza swali, anatukaniwa mama mbele ya grupu zima!

UTR ni namba ya kodi yenye tarakimu 10. KODI. HMRC ni mamlaka ya kodi ya Uingereza, hawatoi viza. Masharti ya viza yanatoka Home Office (wizara ya mambo ya ndani), na la mwanafunzi liko wazi: hakuna kujiajiri, hakuna biashara. Hata saa moja. Zile saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea (10 kwa kozi za chini ya digrii) ni za kuajiriwa, una mwajiri, unakatwa kodi kwenye mshahara (PAYE). Na wiki ni Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kupiga 30 wiki hii na 10 ijayo ukadai wastani ni 20.

"Serikali imekukubali." Enzi za Nuhu huyu angeuza tiketi za safina ya maboksi! Na watu wakamgongea dole gumba.

Mtoto wa Kariakoo:
Uzi mrefu kuliko foleni ya Mbagala. Wivu huo, mwenzio anaingiza hela kila Ijumaa.

Kisiki cha Mpingo:
Anaingiza kwa kukodisha akaunti kwa hao hao anaowadanganya! Akikamatwa kijana, yeye anabadilisha laini.

Dada wa Chumbageni:
Mtoa mada uko sahihi, ila umeacha msumari wenyewe. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema waendeshaji wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka chakula, hawana uhusiano wa ajira na kampuni, kwa sababu wanaweza kumtuma mtu mwingine badala yao. Sasa kama si ajira, ni nini? Ni kujiajiri, na mwanafunzi hapo kafungiwa. Haki ile ile ya kutuma mtu ndiyo wanayoitumia kukodisha akaunti, lakini anayetumwa naye lazima awe na ruhusa yake ya kazi. Tangu Julai 2016 kufanya kazi bila ruhusa ni kosa la jinai, na hela uliyopata inaweza kutaifishwa.

Mzee Baraza:
Na hiyo UTR ndiyo ushahidi dhidi yako, wajukuu. Ukijisajili umejiandikia mwenyewe kwamba umejiajiri tangu tarehe fulani. HMRC na Home Office zinapeana taarifa. Wale wa viza ya zamani ya Tier 1 General (ya wenye ujuzi wa juu) walikataliwa ukaazi kwa aya ya 322(5) ya kanuni za uhamiaji, kisa mapato waliyoandika HMRC hayakulingana na waliyoandika Home Office. Mpaka 2019 ndipo Mahakama ya Rufaa ikasema watu wapewe kwanza nafasi ya kujieleza.

Mtoto wa Kariakoo:
Mzee nani kakuuliza historia? Watu wana kodi ya chumba.

Boda Midlands:
Mnaongea viza tu, bima je? Bima ya kawaida ya pikipiki haigusi kazi ya kubeba chakula, inatakiwa ya biashara. Ukisimamishwa huna, faini ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, chombo kinabebwa. Aliyepata leseni yake ya kwanza ya Uingereza ndani ya miaka miwili, pointi 6 zinamfutia leseni yote.

Kisiki cha Mpingo:
Ahsante. Sasa haya yote ndiyo ya kujibiwa ukauze karanga?

Neema_wa_Usiku:
Mwambieni kijana asubiri. Amalize, chuo kiripoti Home Office kwamba amefaulu, aombe viza ya Graduate (ya waliomaliza chuo) akiwa ndani ya nchi kabla ya ya mwanafunzi kuisha. Ikitoka, kujiajiri ni ruksa. Lakini atakayeomba kuanzia 1 Januari 2027 atapewa miezi 18 badala ya miaka miwili, wa PhD tu ndio wanabaki na miaka mitatu. Hilo ndilo la kulilia, si karanga!

Fundi Saiti:
Bora hao. Huku kwenye ujenzi mtu ana karatasi zote, wakala anamwambia "wewe umejiajiri", anamkata 20% ya CIS, yaani makato ya kodi ya ujenzi (30% kama hajasajiliwa), halafu anampangia saa ya kuingia, saa ya chai na nguo ya kuvaa. Wiki 5.6 za likizo ya malipo hazioni. Huo ndio wizi!

Dada wa Chumbageni:
Fundi, hiyo 20% jaza ritani ya kodi. Mwaka wa kodi unafungwa 5 Aprili, pauni 12,570 za kwanza hazina kodi ya mapato, wengi wanarudishiwa. Tunza zile karatasi za makato za kila mwezi.

Fundi Saiti:
Wakala hatoi hizo karatasi dada, na sheria inamlazimisha. Nafungua uzi wake.

Boda Midlands:
Fungua, tunakuja.