Meninjioma: mama aache dawa Ramadhani ikiingia?

Mtu wa Langoni
Assalaam alaykum. Mama ana miaka 58, tuko Amu. Picha ya CT imeonyesha meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, ya sentimita 3. Anatumia deksamethasoni mg 4 mara mbili kwa siku, na levetirasetamu mg 500 asubuhi na jioni kwa ajili ya kifafa. Kichwa kimetulia, ila usiku halali na sukari imepanda. Anataka kuacha vidonge vyote afunge, kisha twende picha ya MRI Mombasa. Yafaa?

Dawa na Dozi
Wa alaykum salaam. Haifai, hasa deksamethasoni. Haipunguzi uvimbe wenyewe, inapunguza maji yaliyojaa kwenye ubongo kandokando yake. Ndiyo maana kichwa kimetulia. Akiikata ghafla baada ya wiki kadhaa, maji hurudi. Tena tezi za juu ya figo zimeshazembea, kwa kuwa homoni yao imekuwa ikitoka kwenye kidonge, na haziamki papo hapo: atatapika, presha itashuka, atalegea hata kuzimia. Hushushwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari. Kuhusu usingizi, mwombeni daktari dozi ya pili iwe saa nane mchana. Ameze akiwa ameshakula, asichanganye na diklofenaki wala brufeni, tumbo litafanya vidonda. Sukari ipimwe kila siku.

Bi Shela
Levetirasetamu peke yake ingepangika, daku na futari. Lakini kukatisha usingizi kwa daku nako huchochea kifafa, na sukari ndiyo hiyo. Mgonjwa ana ruhusa, asifunge.

Picha Kwanza
MRI iwe ya sindano ya rangi, mpaka wa uvimbe uonekane. Kriatinini, kipimo cha figo, ipimwe kabla. Bebeni CD ya CT, si ripoti tu. Pini za mtandio na hirizi yenye chuma avue. Dawa zikae mkobani mwake, zisiingie buti la basi pale Mokowe. Kifafa kikimshika njiani, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa: kikipita dakika 5, hospitali ya karibu.

Mtu wa Langoni
Shukran. Upasuaji ni lazima? Daktari asema si saratani.

Dawa na Dozi
Picha hukisia tu. Maabara ndiyo hutoa daraja la ukali, 1 hadi 3. Uvimbe mdogo usio na dalili hufuatiliwa kwa MRI, mara nyingi baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Wa mama una dalili, basi jiandaeni kuzungumzia kisu. Ukitolewa, daini ripoti ya maabara, na muulize kama kuna kipande kilichoachwa kwenye mshipa wa damu: hata daraja 1 huota tena hapo.