Tupeane uzoefu: mtaa wenu una njia ngapi za kutokea?

Wakuu habari za jioni. Nimejenga Isyesye hapa Mbeya na kuna jambo linaniumiza. Nyumba ya dada yangu naiona nikiwa kibarazani, hata moshi wa jiko lake nauona, ila kumfikia kwa gari lazima nishuke mpaka lami, nikae foleni na malori ya Zambia, halafu nipande tena kwa njia nyingine. Kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Pale palikuwa na njia ya ng'ombe, mwenye shamba alipokata vipande vya mwisho akauza na njia yenyewe. Nendeni Uhindini, katikati ya jiji, barabara zinakatana, moja ikifungwa unakunja inayofuata. Kwenu ikoje?

Mdau wa Ituha, Mbeya: Mimi nilinunua pakiwa wazi, gari inafika hadi kwenye kiwanja. Nakuja kuanza msingi wenzangu wameshajenga, lori likamwaga tofali kule chini, vijana wakawa wanabeba kichwani wanapita kwenye mahindi ya watu na kila tofali nalilipia. Lakini kilichoniuma ni msiba wa mama. Jeneza tulilibeba kwenye uchochoro ambao watu wawili hawapishani, kufika kona ya choo cha jirani ikabidi tulilaze ubavu ndo lipite. Mpaka leo sipiti pale.

Wa Kihesa, Iringa: Pole sana ndugu. Sisi kwenye urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja ambavyo tayari vina nyumba, tulikaa kikao kila mtu achangie mita zake, mmoja akagoma, ukuta wake umeshasimama. Barabara imeishia hapo, bajaji zinageuzia kwake.

Mdau wa ramani: Hii sio Mbeya peke yake. Watafiti Barrington-Leigh na Millard-Ball walichambua barabara za dunia nzima kwa ramani za mtandaoni za OpenStreetMap, utafiti ukatoka 2020, wakakuta mitaa mipya sehemu nyingi inazidi kuwa ya njia zisizotokea, na mtaa ukishakaa vibaya unabaki hivyohivyo maana nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine ila barabara haihami. Jiji la Mbeya sensa ya 2012 tulikuwa 385,279, ya 2022 tukafika 541,603, karibu wote tunamwagikia lami ileile, kwa hiyo hata lami hiyo ikipanuliwa kuwa njia nne itajaa kama mitaa haiungani huku juu. Njia ichorwe kabla ya bikoni ya kwanza, ile alama ya mpaka wa kiwanja, jamani.

Mwanzisha mada: Mrejesho wakuu. Mwenye ukuta nimemfuata na mjumbe, tumeongea vizuri, amekubali kutoboa kageti ka miguu. Gari bado, ila jana wanangu wameenda kwa shangazi yao wenyewe, dakika mbili.