Naomba ushauri: majani ya mlonge yanaota ukungu wakati wa masika

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Nina shamba dogo la mimea tiba huku Muheza, Tanga. Ni nusu ekari hivi: mlonge, mchaichai, kivumbasi, na mshubiri pembezoni. Wanunuzi wengi ni kina mama wa hapa hapa, wanachukua unga wa mlonge na mchaichai mkavu wa chai.

Kiangazi mambo huenda vizuri. Shida ni masika. Majani ya mlonge nayaosha, nayachuja maji na kuyatandaza kivulini kwenye fremu za mbao zenye wavu, lakini unyevu wa huku hauyaachii. Kesho yake yananata, yananuka uvundo, na kwenye vikonyo unaona utando mweupe. Nimejaribu juani, yakapauka. Karibu na moto wa jikoni yakashika moshi. Yenye ukungu nayatupa yote. Mtu anayetafuta afya siwezi kumuuzia kitu kilichooza.

Naomba kuuliza: waliotengeneza kikaushio cha sola cha nailoni, kinafanya kazi siku za mawingu, au lazima kiwe na feni na chanzo kingine cha joto?

La pili, unga wa mlonge nikiuza kama chakula naanzia TBS (Shirika la Viwango Tanzania), au kwa kuwa wengi wanautumia kama dawa natakiwa kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Niliowauliza wananipa majibu yanayopingana.

Natanguliza shukrani.