Naomba ushauri: dadu za bakgamoni kwenye simu zinapikwa?

KeteMbili (mwenye uzi)
Asalaam aleikum jamani. Mie ni mtu wa bao tangu utotoni, na barazani kwetu Kibokoni hawanifungi kirahisi. Tangu masika nimeingia bakgamoni kwenye simu, ule mchezo wa ubao wa kukimbiza kete kwa dadu mpaka uzitoe zote, nacheza nikingoja feri Likoni, na nachapwa hadi aibu. Mpinzani akitaka sita, sita hiyo. Akitaka pacha, dadu mbili namba moja, pacha hizo. Mie nikitupa ni moja na mbili. Nahisi wenye programu wanapika dadu ili ninunue sarafu zao. Jana nilikuwa naongoza, kete yangu moja tu iko peke yake, adui yuko hatua sita kutoka hapo. Pap! Ikapigwa, ikarudi mwanzo.

Halafu ile dadu ya kuzidisha, ya kufanya pointi za mchezo ziwe mara mbili. Mtu akizidisha mie nakubali tu, kukataa naona woga. Na mjomba aliponikuta akasema mchezo wenyewe haramu, niachane na michezo ya Wazungu. Jamaa wa kazini nao wanataka tucheze kwa mia mia. Nishaurini.

PwaniTulivu
Rudi kwenye bao yakhe. Kule hakuna dadu ya kusingizia.

HesabuZaTudor
Ndugu, hizo hatua sita ndizo zilizokuua. Dadu mbili zina matokeo 36. Sita inatokea kwenye dadu mojawapo mara 11. Ongeza 5 na 1, tena 4 na 2, kila jozi inakuja kwa njia mbili. Ongeza pacha ya 3 na pacha ya 2, maana pacha huchezwa mara nne. Jumla 17 kati ya 36, karibu nusu! Ungeisogeza hatua moja tu ikawa saba, zingebaki 6 kati ya 36. Hakuna umbali mbaya kuliko sita. Kete ikilazimika kukaa peke yake, ikae mbali zaidi ya hapo, au la, imkaribie kabisa adui: hatua moja ni 11 kati ya 36.

Pacha zinatoka mara 6 kati ya 36, na mnatupa watu wawili. Za mwenzio unazikumbuka kwa sababu ndizo zilizokuuma.

Kama huamini bado, tafuta mwenye kompyuta aweke GNU Backgammon, programu ya kucheza bakgamoni, ni ya bure. Inakubali dadu za mkono: unatupa zako mezani, unaiandikia zimetoka ngapi. Itakuchapa vile vile. Kisha inakuchambulia mchezo wote, hapa ulikosea, hapa ilikuwa bahati tu. Uchambuzi huo mie nauthamini kuliko kucheza usiku kucha. Lakini dadu zina nguvu zake, hilo nakubali. Mwaka 1979 kule Monte Carlo, programu ya Hans Berliner ilimfunga bingwa wa dunia Luigi Villa 7 kwa 1, na Berliner mwenyewe alikiri kwamba dadu zilimpendelea.

Sasa kuzidisha. Ukikataa unapoteza pointi 1, ukikubali mnagombania 2. Chukua michezo minne ya hali ileile. Ukikataa yote, umepoteza 4. Ukikubali yote, ukashinda mmoja na kufungwa mitatu, unapoteza 6 unapata 2, hasara ni 4 vile vile. Kwa hivyo mpaka ni robo. Ukiona nafasi yako haifiki robo, kataa, anza mchezo mwingine. Na ukiwa hatarini kufungwa kabla hujatoa hata kete moja, hasara inakuwa maradufu, basi kataa mapema zaidi.

BabuWaMvita
Mjomba wako mpe salamu zangu, ila Wazungu wamesingiziwa. Shahr-e Sukhteh, huko Iran, walichimbua ubao wa mchezo wa dadu pamoja na kete 60, umri wake kiasi cha miaka 5,000. Waajemi wakawa na nard yao, ikaenea kwa Waarabu. Warumi nao walikuwa na tabula, pembe 24 za kutua kete ubaoni na kete 15 kila mtu kama hizo zako, ila dadu tatu. Mfalme Zeno wa Constantinople, aliyetawala hadi 491, alitupa dadu mbaya ikambidi azitawanye kete zake na kuziacha mojamoja, hata mshairi Agathias akaja kuutungia shairi mtupo ule. Kwa hivyo kilio chako, mwanangu, kina wenzake wa zamani. Cha juzi ni hiyo dadu ya kuzidisha tu: New York, miaka ya 1920.

UmmuSalma
Babu ameijibu nusu ya Wazungu, ya haramu ameiruka. Hiyo nard ndiyo nardashir iliyotajwa kwenye Sahih Muslim, mchezaji wake akafananishwa na aliyetia mkono katika nyama na damu ya nguruwe. Wanavyuoni wengi wa Kishafi wanaikataza hata bila pesa. Abu Ishaq al-Marwazi alisema ni makruhu. Mkae na ustadhi wenu mumuulize, si sisi wa mtandaoni. Lakini hiyo mia mia ni kamari, hapo hakuna wa kuulizwa.

KeteMbili
Shukran. Mia mia nimewakatalia. Kwa ustadhi tutakwenda na mjomba baada ya Ijumaa. HesabuZaTudor, endapo ataruhusu: nikianza na 3 na 1 nicheze vipi? Mie hukimbiza kete za nyuma.

HesabuZaTudor
Ziache za nyuma. Toa kete moja pembe ya 8 na moja pembe ya 6, zote zitue pembe ya 5. Zikishikana hapo adui hatui, na kete zako hazijaachwa wazi popote.