MREJESHO: Balbu za LED na kuwashiwa fulu kila ninapopishana

Wakuu, niliuliza kwa nini tangu nifunge balbu za LED kwenye taa za mbele za gari, ninaopishana nao usiku wananiwashia fulu (taa za kumulika mbali) wakati mimi nimeshusha taa. Tatizo limekwisha, asanteni sana.

Aliyesema nizishike balbu zote mbili, ya LED na ile ya zamani ya halojeni, nizilinganishe, Mungu ambariki. Ya halojeni, aina ya H4, ina nyuzi mbili zinazowaka, mmoja wa fulu na mmoja wa taa ya kushusha. Chini ya uzi wa taa ya kushusha kuna kijikombe cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo cha ndani ya taa kinachorusha mwanga mbele. Ukifika huko, unarushwa juu, machoni mwa mwenzako. LED yangu inacho kijikombe, ila vipande vinavyowaka ni vipana na havijakaa pale uzi unapokaa. Tofauti ya milimita moja inatosha kuvuruga mwanga wote.

Nimerudisha halojeni ya wati 60/55 (60 fulu, 55 kushusha). Nikimulika ukutani, mwanga unakatika vizuri kwa juu na kupanda kidogo upande wa kushoto, ndivyo inavyotakiwa kwetu tunaoendesha kushoto.

Taa za ukungu mlizotaja sijaongeza. Mwanga wake ni mpana na mfupi, hauonyeshi mbali.